Mbolea ya Kupulizia Majani: Mpaka wa Jani na Kazi ya Mzizi katika Zao la Mpunga

Msimu wa mpunga unapokolea katika mabonde ya Kilombero na Usangu nchini Tanzania, au katika skimu ya umwagiliaji ya Mwea nchini Kenya, maduka ya pembejeo hupanga mbele chupa na vipakiti vya mbolea za kupulizia majani, ambazo wakulima wengi huziita busta, na ambazo lebo zake huahidi mambo mengi kwa pamoja: mavuno zaidi, masuke mazito, punje zilizojaa na mchele usiokatika kinuni. Ahadi hizo si uongo mtupu wala si kweli tupu, na kazi ya mazungumzo haya ni kuzipima moja baada ya nyingine kwa mizani ya sayansi ya mimea na kwa hesabu nyepesi ambayo mkulima yeyote anaweza kuirudia mwenyewe. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mbolea ya kupulizia majani ina nafasi ya kweli katika kilimo cha mpunga, ila nafasi hiyo ni finyu kuliko inavyotangazwa, nayo huonekana zaidi katika kutibu upungufu wa kirutubisho fulani na katika ubora wa punje kuliko katika kuongeza idadi ya magunia.

Mbolea ya kupulizia majani ni mchanganyiko wa maji na virutubisho vilivyoyeyushwa humo, unaonyunyizwa juu ya mmea kwa bomba la mgongoni au kwa mashine kubwa zaidi, ili virutubisho hivyo viingie kupitia majani badala ya kupitia mizizi. Wazo hilo si geni, kwa kuwa katika miaka ya 1840 Mfaransa Eusèbe Gris alionyesha kwamba majani ya mizabibu yaliyopauka kwa kukosa madini ya chuma hurudi kuwa ya kijani yakipakwa chumvi ya chuma, na katika miaka ya 1950 Harold Tukey na Sylvan Wittwer wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani walitumia chembe zenye mnururisho kufuatilia safari ya virutubisho kutoka juu ya jani hadi sehemu nyingine za mmea. Kwa hiyo swali la kama jani linaweza kula lilijibiwa zamani, na jibu lake ni ndiyo. Swali lililobaki ni kiasi gani linaweza kula, kirutubisho gani, na wakati gani.

Jani la mpunga limefunikwa na utando mwembamba wa nta ambao kazi yake ya asili ni kuzuia maji yasitoke ovyo, na utando huohuo huzuia maji yasiingie ovyo. Juu ya nta hiyo kuna vijinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyofanya tone la maji lisimame kama gololi na kuporomoka badala ya kutandaa, jambo ambalo kila aliyewahi kupita kando ya jaruba asubuhi ya umande amelishuhudia. Ndiyo sababu mbolea ya majani hupaswa kuchanganywa na kiowevu cha kunatisha, yaani dawa inayopunguza ukaidi wa maji ili tone litandae na kushika, kwani bila kiowevu hicho sehemu kubwa ya mbolea iliyonunuliwa kwa bei ya juu huishia kwenye maji ya jaruba. Virutubisho vinavyofanikiwa kushika hupenya kupitia vijia vidogo vilivyomo ndani ya utando wa nta na kupitia vitundu ambavyo mmea huvitumia kupumua, mradi tone halijakauka. Ndiyo maana upuliziaji wa saa 8 mchana chini ya jua kali haulingani na ule wa asubuhi mapema au wa jioni.

Hatua inayofuata ni hesabu, na hapo ndipo ahadi nyingi hugota. Ili kutoa tani moja ya mpunga, mmea huhitaji kuchukua takriban kilo 15 hadi 20 za naitrojeni, ambacho ndicho kirutubisho kinachojenga majani, machipukizi na protini. Shamba la umwagiliaji linalotunzwa vizuri na kutoa tani 5 kwa hekta, yaani kwa eneo la takriban ekari mbili na nusu, huhitaji basi kilo 75 hadi 100 za naitrojeni, ambazo sehemu yake hutolewa na udongo wenyewe na sehemu iliyobaki huletwa na mbolea. Mifuko miwili ya urea yenye kilo 50 kila mmoja ina kilo 46 za naitrojeni, kwa kuwa asilimia 46 ya urea ni naitrojeni. Sasa ichukuliwe kwamba mkulima anapulizia urea iliyoyeyushwa kwa kiwango cha asilimia 2, yaani gramu 400 katika bomba la lita 20, na kwamba hekta moja inamaliza lita 300, sawa na mabomba 15. Kiasi cha urea kilichotumika ni kilo 6, na naitrojeni iliyomo haifiki kilo 3. Hata kama jani lingemeza yote bila kupoteza tone, ingehitajika kupulizia karibu mara 17 ili kufikia kiasi kilichomo katika ile mifuko miwili, na kuongeza ukali wa mchanganyiko si jawabu, kwa sababu urea ikizidi huunguza ncha za majani, hasa ikiwa na biureti nyingi, ambayo ni sumu ndogo inayozaliwa kiwandani wakati urea inapotengenezwa.

Hesabu hiyo imepata ushahidi wa shambani nchini India, ambako mwaka 2021 ushirika mkubwa wa mbolea ulianza kuuza urea ya maji iliyotengenezwa kwa chembe ndogo sana, kwa madai kwamba chupa moja ya mililita 500 ingechukua nafasi ya mfuko mmoja wa urea wa kilo 45. Chupa hiyo, kwa kiwango cha naitrojeni cha asilimia 4 kilichoandikwa juu yake wakati huo, ilikuwa na takriban gramu 20 za naitrojeni, ilhali mfuko wa kilo 45 una zaidi ya kilo 20, ambayo ni tofauti ya mara elfu moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab walipojaribu kupunguza urea ya kawaida na kuziba pengo kwa urea hiyo ya maji, mavuno ya mpunga yalishuka kwa takriban asilimia 13, na naitrojeni iliyomo katika punje, ambayo ndiyo msingi wa protini, ilishuka pia. Fundisho la tukio hilo halihusu India peke yake, kwani linaonyesha kwamba kirutubisho kinachohitajika kwa makumi ya kilo hakiwezi kuingizwa kupitia mlango unaopitisha gramu.

Mambo hubadilika kabisa inapohusika zinki, ambayo ni miongoni mwa virutubisho vinavyohitajika kwa kiasi kidogo. Tani moja ya mpunga huhitaji takriban gramu 50 tu za zinki, kwa hiyo mavuno ya tani 5 kwa hekta huhitaji robo kilo. Salfeti ya zinki ikiyeyushwa kwa kiwango cha nusu ya asilimia moja, yaani gramu 100 katika bomba la lita 20, na hekta ikamaliza lita 300 zilezile, shamba hupokea kilo moja na nusu ya chumvi hiyo, ambayo ina zaidi kidogo ya gramu 300 za zinki. Upuliziaji mmoja, kwa maneno mengine, hubeba zinki nyingi kuliko mahitaji ya zao zima, na hata kama sehemu kubwa itapotea, kinachobaki bado kina uzito. Kwa naitrojeni jani ni mlango mwembamba mno. Kwa zinki jani linatosha.

Tena zinki ina sababu ya pekee ya kupitia majani katika mpunga. Udongo unapofunikwa na maji kwa majuma mengi, hewa hutoweka ndani yake, kemikali zake hugeuka, na zinki iliyomo hushikamana na chembe nyingine kwa namna ambayo mizizi haiwezi kuitoa, hasa katika udongo wenye chokaa au magadi, hivyo kwamba mmea unaweza kuwa na njaa ya zinki huku umesimama juu ya udongo wenye zinki. Mwaka 1966 mtafiti Y. L. Nene, aliyekuwa Pantnagar kaskazini mwa India, aligundua kwamba ugonjwa ulioitwa khaira, ambao wakulima wa huko waliuogopa kwa sababu uliacha mpunga umedumaa na majani yamejaa madoa ya rangi ya kutu, haukuwa ugonjwa wa vijidudu bali upungufu wa zinki, na kwamba kupulizia salfeti ya zinki iliyochanganywa na chokaa kuliuponya. Dalili zake huonekana zaidi kati ya juma la pili na la nne baada ya kupandikiza miche, na mahali ambapo upungufu huo ni wa kweli, upuliziaji huokoa mavuno ambayo yangepotea. Mahali ambapo haupo, upuliziaji uleule hauongezi lolote ghalani.

Jambo hilo la utambuzi ni zito katika Afrika Mashariki kwa sababu rangi ya manjano shambani ina wazazi wengi. Majani ya chini yakigeuka manjano kwa usawa, mara nyingi naitrojeni imepungua na dawa yake ni mbolea ya kukuzia inayowekwa ardhini. Majani machanga yakiwa na michirizi na mabaka ya manjano, na shamba likawa na viraka vya mimea iliyodumaa, huenda ni kimyanga, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu nchini Kenya na ambao baadaye umeenea katika nchi nyingi za Afrika zinazolima mpunga, ukisambazwa na mbawakawa pamoja na zana na mikono ya watu. Kimyanga hakina tiba, na hakuna mbolea ya majani inayokiondoa, ingawa rangi ya kijani inayorudi kwa siku chache baada ya kupulizia inaweza kumfanya mkulima aamini kwamba fedha yake imefanya kazi. Vilevile, naitrojeni inayoongezwa bila kipimo, iwe kwa mzizi au kwa jani, hulainisha mmea na kuufanya rahisi kushambuliwa na blasti, ugonjwa wa kuvu ambao wakulima wa Mwea wanaufahamu vizuri, kwa kuwa Basmati 370, ambao Wakenya huuita pishori, hauwezi kuuhimili.

Baada ya mavuno huja suala la ubora, ambalo kwa mnunuzi lina sura kadhaa zinazopaswa kutenganishwa: mchele kutokatika, mchele kutokuwa na weupe wa chaki tumboni, harufu, na lishe. Kuhusu kukatika, ni kweli kwamba naitrojeni ya ziada inayotolewa mpunga unapochanua, iwe ardhini au majani yakipuliziwa, huongeza protini katika punje, na protini hiyo hujaza nafasi kati ya chembe za wanga na kuifanya punje iwe ngumu zaidi, hivyo kupunguza chenga wakati wa kukoboa. Hata hivyo protini ikizidi, wali huwa mgumu na hupoteza ulaini, na ndiyo sababu wakulima wa Japani wanaolima mpunga wa kuliwa kwa ladha huepuka kutoa naitrojeni mwishoni mwa msimu. Zaidi ya hayo, sababu kuu za chenga katika vinu vingi ziko nje ya kopo la busta, kwani mpunga uliocheleweshwa shambani hadi ukakauka kupita kiasi, kisha ukanyeshewa na kukauka tena, hupata nyufa ndani ya punje kabla haujafika kinuni. Kuvuna unyevu wa punje ukiwa kati ya asilimia 20 na 25, kuuanika polepole juu ya turubai hadi ufike asilimia 14, na kuukoboa kwenye mashine iliyorekebishwa vizuri huokoa mchele mzima mwingi kuliko upuliziaji wowote.

Weupe wa chaki nao hutokana zaidi na joto, kwa kuwa wastani wa joto ukipita nyuzi 26 za Selsiasi katika majuma ya kwanza ya kujaza punje, chembe za wanga hupangika kwa ulegelege na kuacha mapengo ya hewa yanayoonekana kama doa jeupe. Mbolea ya majani inaweza kusaidia kidogo ikiwa itaongeza muda ambao jani bendera, yaani jani la mwisho lililo karibu na suke, linabaki la kijani, kwa sababu sehemu kubwa ya wanga unaojaza punje hutengenezwa na jani hilo pamoja na yale mawili yaliyo chini yake baada ya mpunga kuchanua. Hapo ndipo palipo na faida ya kweli ya naitrojeni na potasiamu za majani katika mwisho wa msimu, wakati mizizi imeanza kuchoka na maji ya jaruba yanakaribia kutolewa: mapepe hupungua na uzito wa punje huongezeka, ingawa kwa kiasi cha wastani na katika mashamba ambayo tayari yalilishwa vizuri kupitia udongo. Masuke yenyewe huhesabiwa mapema zaidi, kwani idadi yake huamuliwa mmea unapotoa machipukizi, na idadi ya punje katika kila suke huamuliwa kabla na wakati mpunga umebeba mimba, kwa hiyo mkulima aliyekosa mbolea ya ardhini katika hatua hizo hawezi kuirudisha kwa bomba mwishoni.

Harufu, ambayo ndiyo inayoupa mchele wa Kyela na pishori wa Mwea jina na bei yake sokoni, hutokana hasa na kemikali moja inayotengenezwa na mimea yenye urithi maalumu wa kijeni, na hakuna mbolea inayoweza kuutia mpunga usio na urithi huo harufu ambayo haukuzaliwa nayo. Majaribio ya kusini mwa China kwa aina za mpunga wenye harufu yameonyesha kwamba zinki na manganizi zikipuliziwa zinaweza kuongeza kiasi cha kemikali hiyo, lakini kemikali hiyo huruka upesi kwa joto na kwa kukaa muda mrefu ghalani, hivyo kwamba uanikaji mkali na uhifadhi mbaya vinaweza kufuta kile kilichojengwa shambani kwa msimu mzima.

Katika lishe ndipo upuliziaji wa majani unapoonyesha uwezo ambao mzizi hauna. Inakadiriwa kwamba zaidi ya asilimia 17 ya watu duniani wako katika hatari ya kutopata zinki ya kutosha katika chakula, hali inayodhoofisha kinga ya mwili na ukuaji wa watoto, na hatari hiyo ni kubwa zaidi mahali ambapo mlo wa kila siku ni nafaka bila nyama wala maharage ya kutosha. Majaribio yaliyofanywa China, India, Laos, Thailand na Uturuki, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba zinki iliyowekwa ardhini iliongeza zinki katika mchele usiosafishwa kwa asilimia 2.4 tu kwa wastani, ilhali zinki iliyopuliziwa majani iliiongeza kwa asilimia 25, na kwamba ongezeko lilikuwa kubwa zaidi pale upuliziaji ulipofanywa baada ya kuchanua, punje zikiwa katika hatua ya maziwa, yaani zinapotoa maji meupe zikibinywa. Katika majaribio hayohayo mavuno yaliongezeka kwa takriban asilimia 5 tu kwa wastani, jambo linaloonyesha wazi kwamba faida kubwa ilikuwa ndani ya punje. Ukoboaji huondoa sehemu ya zinki pamoja na pumba, ila zinki hupenya ndani ya punje kuliko chuma, kwa hiyo sehemu ya faida hufika mezani hata katika mchele mweupe.

Kutokana na hayo yote, utaratibu wa mkulima unaweza kuelezwa kwa ufupi. Mbolea ya kupandia na ya kukuzia hubaki msingi, na upimaji wa udongo, ambao nchini Tanzania hufanywa na taasisi kama kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kilichoko Tanga, hutangulia ununuzi wa kopo lolote. Kopo lenyewe linapaswa kuwa na usajili wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania na lebo inayotaja asilimia za virutubisho, kwa kuwa bidhaa isiyotaja kilichomo haiwezi kufanyiwa hesabu. Upuliziaji hufanywa asubuhi mapema au baada ya saa 10 jioni, na wakati wa kuchanua saa za asubuhi huepukwa, kwa sababu maua ya mpunga hufunguka zaidi kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana na maji huvuruga uchavushaji. Mwisho, ukanda mmoja wa shamba huachwa bila kupuliziwa, kisha eneo linalolingana la kila upande huvunwa, hupimwa kwa mizani na kukobolewa kando, maana ulinganisho huo wa shamba lenyewe ni ushahidi wenye uzito kuliko lebo na kuliko ushuhuda wa jirani.

Linabaki suala la nani alipe. Mnunuzi wa mchele hulipia harufu, weupe na uzima wa punje, wala hakuna gulio ambalo kilo ya mchele wenye zinki nyingi huuzwa kwa bei ya juu, hivyo mkulima anayepulizia zinki kwenye hatua ya maziwa hubeba gharama ambayo faida yake humwendea mtoto wa mlaji asiyemfahamu. Kumwachia mkulima peke yake jukumu hilo si haki wala halitatekelezeka. Utafiti wa nchi kadhaa umeonyesha kwamba salfeti ya zinki inaweza kuchanganywa na baadhi ya viuatilifu ambavyo mkulima angepulizia hata hivyo, bila kupunguza zinki inayofika kwenye punje, na hivyo nguvukazi ya ziada huondoka na gharama hubaki ya chumvi yenyewe, ambayo ni ndogo. Tanzania ilirudisha ruzuku ya mbolea mwaka 2022 ikilenga hasa mbolea za ardhini, na uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa kuwa ndizo zinazojaza maghala. Kuongeza salfeti ya zinki katika mpango wa namna hiyo, kwa mashamba ya mpunga yaliyopimwa, kungekuwa uamuzi wa afya ya jamii unaotekelezwa kupitia kilimo, na ndio matumizi ya bomba la mgongoni ambayo ushahidi uliopo unayatetea kwa nguvu kuliko ahadi yoyote ya magunia ya ziada.